Karani wa Kiti Namba Nne

Jumatatu saa tatu na robo asubuhi, Kudra akimimina chai katika vikombe saba vya biro ya viwanja, ofisi iliyoko mtaa wa Rohero, Régis alitangaza kwamba hata nzi hawezi kuingia katika mtandao wake bila yeye kumjua kwa jina la mama yake. Hakuna aliyecheka. Mwaka huo wa 1999 watu wa biro ile walichekea kwao, madirisha yamefungwa.

Régis alikuwa fundi wa kompyuta, kijana mwenye ulimi mwepesi kuliko mikono. Mtandao wenyewe ulikuwa hivi: kompyuta saba, na ndani yake hamna faili hata moja. Mafaili yote ya viwanja vya mji yalikaa katika mashine moja kubwa, iliyofungiwa chumba cha baridi. Kaa kiti chochote, andika jina lako na neno lako la siri, mashine inakutambua na kukuletea mafaili yako hapo ulipo. Ukikosea herufi moja haikujui, hata ungelia.

Siku hiyo shefu, mkubwa wa biro, Bwana Népomuscène, alikuwa na haja na nyumba ya Kibenga, ile yenye ukuta wa mawe. Mwenyewe, mjane aitwaye Nsimire, alikuwa amekimbilia Uvira, na sasa ameandika barua kwamba anarudi. Shefu alitaka jina la Nsimire litoke kabla mwenye jina hajafika. Lakini hakutaka kuligusa faili kwa jina lake, wala Régis kwa lake. Bahati Régis alikuwa na jina la akiba: Anselme, karani aliyeiandikisha nyumba hiyo, aliyeuawa miaka minne nyuma kwenye bariyeri, kizuizi cha wenye silaha barabarani. Pale nako waliuliza jina. Alilitaja la kweli, likamponza. Katika mashine hakuna aliyekumbuka kumfuta.

Saa tatu na nusu Régis akakaa kiti namba nne, akaandika jina la Anselme na neno la siri. Mashine ikafunguka. Mlango nao ukafunguka, akaingia Anselme.

Alivaa shati lake lilelile la bluu, tundu ubavuni. Akasaini daftari la mahudhurio, akaona kiti chake kimekaliwa, akaenda kusimama karibu na kabati. Elsa wa mapokezi alimwambia amechelewa. Shefu alisema viti ni saba na havitaongezwa. Kudra akaleta kikombe cha nane, akampa mkononi, maana meza hakuwa nayo. Régis akabonyeza, nyumba ikawa ya shemeji yake shefu.

Tangu hapo Anselme alikuja kila siku. Jioni, viti vikiwa wazi, aliandika jina lake na kumrudishia Nsimire nyumba yake. Asubuhi Régis aliandika jina hilohilo na kuichukua tena. Mashine iliwaamini wote wawili. Nyumba ikahama hivyo wiki tatu bila tofali kusogea, hadi shefu akaamuru neno la siri libadilishwe. Anselme akajaribu mara tatu, mashine ikamjibu kwamba haimtambui. Hakubisha, alishawahi kujibiwa hivyo kule kwenye bariyeri. Akaendelea kuja, kwa kuwa jina lake bado lilikuwa na kazi nyingi: shefu alikuwa na mashemeji. Akapewa boksi la karatasi, akalikalia.

Nsimire alifika Alhamisi ya wiki iliyofuata. Alikuwa ametoka Kibenga, ameona mapazia ya watu wengine. Alimsalimia Anselme, akampa pole ya kufa, kisha akauliza nyumba yake imeendaje.

Régis alimsimulia kwa ufasaha. Alisema wafu wana vinyongo, alisema wana uchoyo, akaeleza vile Anselme alivyorudi Jumatatu ile ya kwanza kwa nia moja tu, kumnyang'anya nyumba. Alipoona mama yule anasita, akamsogezea karatasi ya kumbukumbu za mashine.

"Mashine haina ndugu, mama. Soma mwenyewe: Anselme, Jumatatu, saa tatu na nusu, kiti namba nne."

Shefu aliongeza kutoka ndani kwamba faili haligeuzwi ila na aliyeligeuza, na huyo, kwa bahati mbaya, mashine haimtambui tena.

Nsimire akasoma karatasi mara mbili. Akamwendea Anselme, akamtemea mate miguuni. Anselme akasimama, akampisha kwenye boksi.

Kudra alikuwa akipita na chupa ya chai. Alikijaza kikombe cha Anselme, cha Régis akakiruka.

"Apana, mama," alisema. "Ile saa huyu alikuwa anasimama pale ku kabati, mi mwenyewe nilimupa kikombe mu mukono. Mwenye alikuwa anakaa ku kiti ya namba ine ni we, Régis."