Kikapu cha Bi Insaf

Jengo letu la mtaa wa Shubra lina ghorofa sita na midomo ishirini na saba, na mdomo mkubwa kuliko yote ni wangu. Najua. Lakini kila Ijumaa nafanya la maana: nachagua makala tatu za mtandaoni, ya teknolojia, ya afya, na ya watu wanavyoishi na wenzao, nazituma kwenye kundi la WhatsApp la jengo. Wengi hujibu kwa picha ya waridi, hawajasoma kitu. Ila Bi Insaf, mjane wa ghorofa ya tano, hujibu kabla sijaweka simu chini.

Ijumaa ile nilituma ya daktari mmoja aliyeandika kwamba mzee anayeishi peke yake anaweza kujibu jumbe mia na asiguswe bega mwezi mzima. Tangu Alhamisi nilikuwa naitangaza ngazini. Bi Insaf akajibu: "Imenigusa sana, Nagat." Na moyo mwekundu.

Nikashuka kichwa kimevimba. Mlangoni mzee Bakhit, bawabu wetu, alikuwa anakula maharage.

"Bi Insaf anasema nimemgusa!"

"Amesema lini?"

"Sasa hivi."

Akaacha kutafuna. "Basi mwambie ashushe kikapu. Tangu Jumatano sijakiona. Nilidhani yuko kwa dada yake, mjini Tanta."

Miaka kumi na moja, kila asubuhi, Bi Insaf hushusha kikapu kwa kamba kutoka roshani, Bakhit anatia mikate, kinapanda.

"Labda anajinyima kula," nikasema.

"Kwa sababu ya makala zako za afya? Hebu mpigie, mama."

Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikaandika: "Uko wapi?" Jibu likaja hapohapo: "Nipo nyumbani mpenzi, napumzika."

Bakhit hakungoja. Pamoja na miaka yake sabini alipanda ngazi kwa kasi kunishinda mimi. Tulipofika mlangoni kwa Bi Insaf tukasikia kitu kinagonga sakafu, polepole, kinaacha, kinagonga tena.

Aliuvunja mlango kwa bega. Bi Insaf alikuwa chini jikoni, mguu umepinda, midomo imepasuka kwa kiu, kijiko mkononi. Simu yake ilikuwa sebuleni juu ya kabati, kwenye chaja. Niliitazama ikawaka yenyewe. Chini ya swali langu, jibu lilelile: "Nipo nyumbani mpenzi." Nani aliyeandika?

Nilimpigia mwanawe, Wagdi, aliyeko Montreal, nikamuuliza.

"Ni mimi, abla, dada yangu," akasema. "Niliiunganisha simu yake na kompyuta yangu. Mama hajui kuandika, sikutaka majirani waone anawadharau."

"Ukaniambia yuko nyumbani!"

"Mama yuko nyumbani siku zote."

"Na ile makala? Uliisoma?"

"Kichwa chake tu."

Hospitali walimfunga nyonga, wakamtundikia maji, uso ukanawiri. Nikakaa kando ya kitanda nimemshika mkono.

"Bi Insaf, nisamehe. Makala zangu zote zile, kumbe hukuwahi kuziona."

"Ile ya daktari naijua," akasema. "Ya mzee anayeishi peke yake."

"Umeijulia wapi?"

"Alhamisi uliisoma yote ngazini, mlangoni pangu, ukiwasomea wenzako. Nilikuwa nagonga kijiko." Akanibana vidole. "Unasoma vizuri, mwanangu. Ila husimami hata kuvuta pumzi."