Alama ya Tupa

Gari la mume wangu lilikuwa Pijo 504, rangi ya chai iliyozidiwa na maziwa. Kwa muda mrefu lilikaa juu ya mawe nyuma ya nyumba yetu ya kupanga hapa Kitale, upande wa kwenda Kipsongo, na kuku wa jirani walitaga kwenye kiti cha nyuma. Nikimuuliza Wakoli atalitengeneza lini, alinijibu, "Si unaona limepumzika?"

Wakoli hakuwa fundi. Alikuwa karani kwenye ghala la mahindi. Lakini kila Jumapili tukitoka kanisani alivua shati jeupe, akavaa ovaroli, akaenda kwa Salman. Salman aliuza spea kuukuu karibu na msikiti na alikuwa na Datsun pikapu ambayo aliipaka rangi upya kila mwaka bila kuutengeneza ule moshi uliotoka nyuma. Wa tatu wao alikuwa Kipkoech, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye Landrova iliyofungwa mlango kwa kamba ya katani. Hakuna kati yao aliyekuwa na gari la maana, na kila mmoja alikuwa akimcheka mwenzake.

"Wakoli, hiyo Pijo itafika Malakisi wakati wajukuu wako wamestaafu," Salman alisema.

"Itafika. Na wewe utakuwa nyuma ukisukuma Datsun."

"Mimi nisukume? Bana, mimi nitakuwa nimefika jana, nimekula kuku, nimelala."

Suad, mke wa Salman, alituletea chai ya tangawizi. Mimi na yeye tulikaa kwenye matairi, tukiwaangalia wanaume wazima wakibishana juu ya kabureta kama watu wanaogombania shamba.

Malakisi ndiko kwao Wakoli, na huko ndiko mama yake aliko. Kila Krismasi tulienda kwa magari ya abiria, na kila Krismasi Wakoli alimweleza mama yake vile gari lilivyoendelea: sasa lina gia ya tano, sasa lina viti vya Toyota, sasa taa zake zinaona mbali. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia majirani, "Mwanangu ananiletea gari kwa mdomo. Mwaka huu ameongeza viti." Watu walicheka. Wakoli naye alicheka, lakini tukirudi Kitale ndiyo siku aliyokaa chini ya gari mpaka jioni.

Kuna Jumapili moja ambayo lazima niieleze vizuri. Injini aliyoinunua ilikuja bila dipstiki, ile fimbo nyembamba ya chuma ya kupimia oili. Salman alimpa moja ya gari lingine, na ilikuwa fupi. Wakoli alimwaga oili yote, akatia kipimo sahihi kwa jagi langu la jikoni, akaingiza ile fimbo na kuitoa. Oili ilikuwa imegusa ncha tu, chini kabisa ya alama ya kiwanda. Hapo ilipoishia, alichukua tupa akakwaruza alama yake mwenyewe.

"Mama Jentrix, kuja uone. Hii alama ya juu ni ya gari ingine. Inadanganya. Ukiifuata utajaza oili mpaka injini itapike. Wewe fuata hii yangu."

"Mimi nitaifuata kwa nini? Kwani mimi ni fundi?"

"Kwa sababu utaendesha."

Nilidhani ni mzaha. Lakini gari lilipoanza kutembea, mwaka wa 2006, alinipeleka kwenye kiwanja cha maonyesho na kunikalisha kwenye usukani. Nililizima, nikaliwasha, nikalizima tena. Yeye alishika dashibodi kwa mikono miwili na kuniambia, "Polepole, hakuna mtu anatufukuza." Siku hizo nilijifunza mpaka gia ya pili. Alisema ya tatu tutaiachia barabara ya lami, breki zikishakamilika, na Desemba tutakwenda Malakisi sisi wawili na binti yetu Jentrix, tukipiga honi kuanzia langoni.

Kifua kilimshika mwezi wa kumi. Tulifikiri ni homa ya baridi ya Kitale, tukamtilia limau na asali. Kabla ya Novemba kuisha alikuwa amekufa.

Kaka yake, Wabwile, alikuja kutoka Malakisi kupanga safari ya maiti. Ni mtu wa tumbaku, mkimya, na hajawahi kunikosea adabu. Tulikuwa tumekaa sebuleni na Salman na Kipkoech aliposikia kwamba wao wamekamilisha breki na wanataka Pijo liende nyuma ya jeneza.

"Alituambia atamfikishia mama yake," Kipkoech alisema. "Mzee, hiyo gari lazima iingie kwa boma yenyewe. Kwa miguu yake."

Wabwile akanigeukia mimi. "Shemeji, nikwambie mapema ili usije ukasema tulikunyang'anya. Kwa ukoo wetu, kitu kilichomsindikiza mtu mpaka nyumbani hakirudi alikotoka. Kinabaki kwa boma na wazee wanakigawa. Gari ikibaki hapa Kitale, hatutaifuata. Ikienda, imeenda."

Wote waliniangalia. Nilitaka kusema libaki. Lilikuwa na harufu yake, na gia ya tatu niliyokuwa bado nangoja. Lakini nilimwona mawazoni mama yake akisimama langoni, akihesabu tena Krismasi ya maneno matupu, na hii ya mwisho ikija na jeneza peke yake.

"Liende," nikasema.

Asubuhi ya safari kulikuwa na ukungu. Jeneza liliwekwa kwenye lori dogo la kukodi, nami nikakaa pembeni yake na Jentrix na wanawake wa kanisa. Wabwile alikaa mbele na dereva. Nyuma yetu lilikuja Pijo, Salman akiwa kwenye usukani na Kipkoech kando yake, na utepe mwekundu wa msiba umefungwa kwenye kioo. Niliziangalia taa zake tangu tulipotoka Kitale. Tulipofika Kiminini zilikuwa pale. Kwetu maiti akisafirishwa huambiwa njia asipotee, kwa hiyo kila mahali niliweka mkono juu ya mbao na kumwambia: Baba Jentrix, hapa ni Kiminini. Baba Jentrix, gari lako linakuja nyuma.

Tukipanda ule mlima wa Kamukuywa niligeuka tena nikaona moshi. Haukuwa moshi wa kawaida. Ulikuwa mweupe unaoelekea bluu, mzito, kama mtu amechoma majani mabichi katikati ya barabara. Kisha taa zikapotea ndani yake.

Niligonga kibanda cha dereva. Lori likasimama. Wabwile akashuka.

"Shemeji, maiti haisimamishwi njiani hivi hivi."

"Gari limekwama."

"Tutaliacha. Watalivuta warudi nalo Kitale. Wakati wa kuzika unatungoja, na watu wamekaa juani."

Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yaliniingia. Watalivuta warudi nalo Kitale. Nilielewa mara moja maana yake. Kama ningenyamaza tu, gari lingerudi nyuma ya nyumba yangu, na hakuna mtu angelifuata. Sikuhitaji kudanganya. Nilihitaji tu kukaa pale nilipokaa, mkono juu ya jeneza.

Nilikaa hivyo kidogo. Jentrix aliniuliza, "Mama, baba atajua gari halikufika?"

Nikainama juu ya jeneza. Wale wanawake wakaacha kuimba. Nikamwambia, "Baba Jentrix, tumesimama Kamukuywa. Gari lako linatoa moshi. Usiendelee mbele bila sisi. Ngoja kidogo." Baada ya kumwambia angoje, nisingeweza tena kumwambia tunaondoka. Nikashuka, nikateremka ule mlima kwa miguu.

Boneti lilikuwa wazi. Oili ilikuwa imerukia kila mahali, mpaka kwenye utepe. Salman alikuwa amekunja mikono ya kanzu yake nyeusi, Kipkoech ameshika kichwa.

"Ringi zimekufa," Kipkoech alisema. "Injini imekufa, walahi, na leo."

"Haiwezi kufa leo! Jana ilikuwa inaimba," Salman alisema. "Wewe umeifanya nini asubuhi?"

"Nifanye nini? Nilipima maji, nikapima oili. Oili ilikuwa chini kabisa, imegusa ncha tu. Nikaongeza mpaka kwa alama. Ningemwachia rafiki yangu injini kavu siku ya kumzika?"

Nilinyoosha mkono, nikavuta ile fimbo, nikaifuta kwa ncha ya leso yangu. Nikairudisha, nikaitoa tena. Oili ilikuwa imefika alama ya juu, iking'aa. Nikawaonyesha ule mkwaruzo wa chini.

"Hii ya juu ni ya gari lingine," nikasema. "Yeye alikuwa anafuata hii. Mwageni mpaka ifike hapa."

Salman alipiga paji la uso. "Ilahi! Mimi ndiye nilimpa hii dipstiki."

Kipkoech alikaa kwenye nyasi kando ya barabara na kuanza kulia, mwalimu mzima, mbele ya watoto waliokuwa wametoka shambani kutazama. Nilimshika bega. "Mwalimu, ulimtakia mema. Inuka, tafuta spana."

Mwanamke mmoja wa pale Kamukuywa alituletea sufuria kuukuu. Salman alilala chini ya gari na nguo zake za msibani, akalegeza nati, oili ikamwagika nyeusi. Kipkoech alitoa plagi, akazifuta moja moja kwa karatasi. Kila mara Salman aliuliza, "Sasa?" nami nikaingiza fimbo na kujibu, "Bado." Halafu, "Bado kidogo." Halafu nikasema, "Hapo."

Salman aliliwasha, likakohoa, likatoa moshi wote uliokuwa tumboni, likakohoa tena, kisha likashika. Wabwile, aliyekuwa amesimama juu ya barabara saa yote hiyo bila kutuharakisha, alinitazama nikipanda lori. Nadhani alijua ningeweza kunyamaza. Alinipa mkono nipande.

Nikamwambia Wakoli tunaondoka.

Tulifika Malakisi jua limepita kichwani. Salman alipiga honi kuanzia langoni, ndefu, bila kuachia, na waombolezaji wakanyamaza kwa sababu hawakuwa wamewahi kusikia honi kwenye mazishi. Mama yake Wakoli alitoka kwenye hema. Alilipita lori kwanza. Alienda kwa Pijo, akaweka kiganja juu ya boneti, akakitoa upesi.

"Ni ya moto," alisema kwa Kibukusu. "Imetembea yenyewe."

Ndipo akaja kwa jeneza. "Umefika nayo," alimwambia. "Sasa lala."

Siku ya tatu baada ya maziko, tuliponyolewa nywele za msiba, wazee walikaa wakagawa vitu vyake. Koti akapewa mjomba, viatu akapewa binamu, gari akapewa Wabwile. Nilimwita kando, nikafungua boneti, nikamwonyesha mkwaruzo. Alitazama kwa heshima, kama mtu anavyotazama picha ya mtoto wa mwenzake.

"Nimesikia, shemeji," alisema. Lakini macho yake yalikuwa kwenye alama ya kiwanda, ile iliyochongwa sawasawa kwa mashine.

Nilirudi Kitale na Jentrix. Nyuma ya nyumba yalibaki yale mawe na duara jeusi la oili kwenye nyasi. Jumapili nilienda kwa Suad mara chache, kisha nikaacha. Baada ya zile fujo za mwanzo wa 2008 Kipkoech alihamisha familia yake kwenda Cherangani, na Salman akaiuza ile Datsun. Hatujawahi kukaa tena kwenye matairi yale.

Mwaka uliofuata nilikuwa na safari ya Bungoma, nikashuka Kanduyi. Kando ya barabara, kwenye uwanja wa fundi, niliona Pijo rangi ya chai. Sikuhitaji kusoma namba. Wabwile alikuwa amekaa karibu nalo kwenye kigogo, amevaa kofia yake ya Jumapili. Alisimama aliponiona.

"Shemeji, injini imekufa kabisa. Ilikaa bomani miaka hii yote; nilipoitoa barabarani imetapika oili wiki nzima. Fundi anasema haifai tena, labda bodi tu ndiyo itauzika."

"Oili ulikuwa unapima?"

"Kila asubuhi!" alisema, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. "Sikuiacha hata siku moja ishuke chini ya alama. Hii ilikuwa ya ndugu yangu."

Nilivuta ile fimbo. Oili ilikuwa juu, pale pale kiwanda kilipotaka. Sikumlaumu. Nilimwomba tu anipe ile fimbo, na akaniambia nichukue, maana haina kazi tena. Niliifunga kwenye gazeti, nikaiweka magotini mpaka Kitale.

Jentrix aliikuta jikoni, ndani ya mkebe wa miiko. "Mama, hiki ni cha nini?"

Nikamwambia apitishe kidole karibu na ncha.

"Kuna mkwaruzo."

"Hapo," nikamwambia, "ndipo baba yako alipoona panatosha."

Alipitisha kidole tena, akairudisha kati ya miiko, na tukaendelea kuchambua maharagwe.