Sare Zilizokwenda Shule Zenyewe

Jumanne asubuhi Malefu Ramaili, fundi cherehani wa mji wa Mafeteng, Lesotho, alikuwa akishona kifungo cha mwisho kwenye sare ya mia moja na ishirini pale tarishi wa shule alipomletea barua. Mkataba wake ulikuwa umevunjwa. Tarehe iliyoandikwa ilikuwa ya mwezi mmoja nyuma, lakini gundi ya bahasha ilikuwa bado mbichi. Malefu aliigusa kwa kidole, akainusa. Wiki iliyopita mwalimu mkuu, Ntate Sekhonyana, mtu ambaye hasalimii hata padri, alikuwa amemsalimia mara mbili.

Alikwenda kwa Tlalane, wakili mwenye ofisi juu ya duka la nyama.

"Kipengele cha tisa kinawaruhusu kuvunja, 'Mè, ila kwa notisi ya siku thelathini," Tlalane alisema, akimwita mama kwa Kisotho. "Ndiyo maana tarehe imerudishwa nyuma."

"Nilijua tu. Sasa mimi nifanyeje?"

"Tunawaandikia barua ya madai. Wakikaidi, usuluhishi. Wakikaidi tena, mahakama. Kuwalazimisha wakurudishie kazi hatuwezi. Fidia ya kazi uliyokwisha kuifanya, hiyo tutaipigania."

"Na wewe huna undugu na Sekhonyana?"

"Sina, 'Mè."

Malefu aliichunguza pua ya wakili, akitafuta kufanana.

Barua ya madai haikujibiwa. Kwenye usuluhishi shule haikutokea. Jumatatu iliyofuata, saa moja na nusu asubuhi, sare zilishuka kwenye kamba, zikajipanga mbili mbili, zikaenda shule. Ndani hazikuwa na mtu. Malefu alizifuata hadi getini; njiani aliisimamisha sketi moja iliyofumuka upindo, akaushona, akaiachia iwahi wenzake.

Darasani, watoto waliovaa sare za fundi mpya, shemeji wa mwalimu mkuu, zenye mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi, walisogea kuzipisha kwenye madawati. Mwalimu alilalamika tu kwamba haziitikii zikiitwa. Hata hivyo aliziandika kwenye rejesta.

Tlalane alifurahi. "Wamezipokea! Aliyepokea mzigo hawezi kuukana."

"Usicheke mapema," Malefu alimwambia.

Mahakamani Ntate Sekhonyana alikuja na suti mpya. "Mheshimiwa, hatukupokea mzigo wowote. Zilikuja zenyewe kusoma, na elimu ya msingi ni haki ya wote."

Hakimu aliiuliza sweta moja ya sare hizo, iliyoletwa kuwa shahidi, kama ina la kusema. Sweta ilinyoosha mkono. Hakimu alisubiri, kisha akaandika kwamba shahidi hakusema kitu. Bahasha nayo ilipitishwa mezani. Gundi ilikuwa imekauka kama ya bahasha yoyote. Kesi ilitupwa, na shemeji akapewa mkataba wa miaka mitano.

Sare ziliendelea kwenda. Zilikuwa nzuri katika hesabu. Mwaka ulipogeuka zilipanda darasa, na Malefu, kama mlezi wao, akapokea taarifa kutoka shuleni: wanafunzi wake mia moja na ishirini hawavai sare rasmi. Sare rasmi zinapatikana kwa fundi mmoja tu, na asiyevaa hataingia darasani.

Malefu aliisoma akiwa amesimama. Nyuma yake sare zilikuwa zimejipanga tayari, zikisubiri kufunguliwa mlango.

Alizipeleka kwa fundi huyo. Shemeji alizipima vifua moja baada ya nyingine, akaandika vipimo, akamwambia arudi Ijumaa.