Madoa Mapya Hakuna

Baba alichinja mbuzi kwa sababu ya picha ya ubongo. Sisemi hivyo kwa kumcheka. Nusu ya mtaa wetu wa Namuwongo, hapa Kampala, ilialikwa kula, kwa kuwa daktari alisema neno zuri na Baba akalisikia zuri kuliko lilivyokuwa.

Picha yenyewe ilikuwa ya mdogo wangu, Sumayiya. Ana ugonjwa unaoitwa MS: kinga ya mwili wake imeigeukia mishipa yake mwenyewe ya fahamu na kuitafuna, na kila inapotafuna, kwenye picha ya MRI panabaki doa jeupe. Ulianza na jicho la kushoto kuingia ukungu. Watu wakasema ni husuda. Kisha mguu wa kulia ukaanza kuburuta, na habari za husuda zikaisha. Tangu hapo kila mwaka anaingizwa kwenye ile mashine inayogonga kama fundi bati, halafu daktari anaiweka picha mpya kando ya ile ya mwaka uliopita na kutafuta madoa yaliyoongezeka. Kila mara aliyapata.

Safari hii Baba aling'ang'ania kuja. Yeye, Mzee Kamis, dereva mstaafu wa malori ya Juba, alikaa mbele ya Daktari Okwir huku kofia yake ameishikilia magotini. Daktari ni mtu wa Lira, kaskazini, sisi ni Wanubi, kila mmoja na lugha yake, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili.

"Mzee, dawa inafanya kazi," daktari alisema, akituonyesha picha mbili kwenye kompyuta. "Mwaka hii madoa mpya hakuna. Ile ya zamani iko palepale, imetulia."

Baba aliposikia "hakuna" alisimama kumshika daktari mkono, na yaliyofuata yakampita. Ujanani aliugua TB. Picha ya kwanza ilionyesha doa kifuani, akameza dawa miezi mingi, picha ya mwisho ikatoka safi, akaambiwa amepona, aende kazini. Tangu siku hiyo, kwake picha nzuri maana yake mtu amepona.

"Baba, hajapona," nilimwambia tukiwa bado getini. "Ugonjwa umesimama tu."

"Lailah, mdomo yako inaharibu kila kitu. Daktari amesema. Wewe nani?"

Nilipandwa na hasira. Nikamgeukia Sumayiya anisaidie, akanifinya mkono. Jikoni ndipo aliponieleza. "Mwache, dada. Tangu niugue hajacheka. Mwache afurahi Jumapili moja."

Basi ikawa karama, chakula chetu cha shukrani. Shehe alisoma dua uani, wageni wakaketi kwenye mikeka, harufu ya pilau ikafika hadi relini. Kwa desturi ya nyumba yetu, aliyepona ndiye huwanawisha wageni mikono kabla ya kula, wamwone kwa macho yao. Hilo Sumayiya alikuwa amelisahau, au alijisahaulisha. Baba alimletea birika na beseni mwenyewe, uso umemng'aa. Nikanyoosha mkono nimpokee beseni.

"Acha," Baba akasema. "Leo yeye peke yake."

Sumayiya aliegemeza fimbo yake ukutani. Alimfikia shehe, akamnawisha vizuri kabisa, na mimi mpumbavu nikaanza kuamini. Alipogeuka kwenda kwa jirani yetu Maimunah, mguu ukakataa. Alianguka kifudifudi mkekani, maji ya birika yakawamwagikia watu.

Hakuna aliyecheka. Nilitamani hata mmoja acheke, nipate wa kugombana naye.

"Amezidiwa na furaha," Baba akawaambia wageni. Wakaitikia kwamba ndiyo, furaha huwa hivyo. Wakala wakitazama sahani zao, wakaaga mapema.

Walipoondoka, Baba alikuja kukaa mkekani kando ya Sumayiya.

"Kesho tunarudi hospitali," alisema. "Hiyo picha walichanganya. Ilikuwa ya mtu mwingine."

"Picha ni yangu, Baba. Hii madoa ya zamani haitoki. Dawa inazuia mapya tu."

"Na mguu?"

"Mguu utabaki hivi."

Baba akauliza, "Sasa leo tumeshukuru nini?"

"Tumeshukuru kwamba mguu utabaki hivi," Sumayiya akasema. "Kila mwaka nilikuwa napoteza kitu, Baba. Jicho. Mguu. Kazi ya kushona. Mwaka huu sijapoteza kitu. Kama unataka kuniombea, niombee mwakani niwe hivi hivi."

Baba alikunjua viganja, kama anavyofanya kila baada ya swala. Midomo ilitikisika lakini neno halikutoka. Mzee ambaye tangu nizaliwe sijamwona akikosa dua, safari hii ilimshinda. Angemwombaje Mungu kwamba mtoto wake abaki kiwete? Machozi yalimtiririka hadi kwenye ndevu na mikono bado ameikunjua, na moyo wangu ukapasuka kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya mgonjwa mwenyewe.

Ikabidi niombe mimi. Nikasema kwa sauti, ewe Mola, mwache mdogo wangu hivi hivi, mguu huu na jicho hili, usimwongezee wala usimpunguzie.

Sumayiya akaitikia amina. Baba hakuitikia.