Maji Chini ya Wodi

Meneja wa mradi alikuwa na vitabu vitatu mezani, vinene kama tofali: kimoja cha kupanga ratiba, kimoja cha mikataba, na cha tatu, alichokipenda kuliko vyote, cha kukabili hatari za kazi. Mafundi walimpachika jina Mama Ukurasa, maana halikuharibika jambo pale ujenzini bila yeye kutaja ukurasa wenye dawa yake. Naye alicheka nao. Saruji ilipochelewa, vitabu vilimtoa kimasomaso. Mwenye lori alipoanza ukigeugeu, vikamtoa tena.

Walikuwa wanajenga wodi ya wazazi. Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa mjamzito, na walishataniana kwamba mtoto wa kwanza kulia humo atakuwa wa kwao.

Asubuhi moja nyapara wa mafundi alimfuata ofisini, suruali imelowa hadi magotini. Walipofika, mtaro wa msingi ulikuwa umejaa maji maangavu, ya baridi, yakibubujika polepole kutoka chini. Pampu ikaletwa, ikanguruma mchana kutwa, mtaro ukakauka. Kulipokucha maji yamerudi pale pale. Wakaongeza pampu, wakachimba mfereji, wapi. Mhandisi aliyepima udongo wakati wa kiangazi akaja, akasimama ukingoni akikuna kichwa, akaaga kwamba atapiga simu. Alipiga kweli, ila hakuwa na jipya.

Meneja akafungua kitabu chake. Kila hatari iwe na mwenyewe, mtu wa kuishughulikia, kilisema. Mwenyewe alikuwa yeye, na hakujua la kuyaambia maji.

"Kinasemaje?" nyapara aliuliza, safari hii bila utani.

"Kinasema nitafute njia nyingine."

"Ipi?"

Akakifunga.

Wakubwa wakaamua kazi isimame hadi kiwanja kingine kipatikane. Lini, hawakusema. Jioni akampigia wifi yake, akamweleza yote.

"Basi, wifi. Nitajifungulia kule kule wodi ya zamani."

Katika wodi hiyo ya zamani wazazi walilala wawili wawili kitanda kimoja. Meneja alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Alipokwenda kukusanya vifaa, alikuta mbao za uzio zimeng'olewa na wanawake wa mtaani wamepanga ndoo. Mlinzi akajitetea kwamba amewafukuza mpaka sauti imemkauka. Wanawake wakasema mabomba yao hayatoi maji, wafanyeje? Meneja akawaonya kuwa ukingo unaweza kumeguka ukawafukia. Wakamwitikia kwa heshima, ahsante mama, wakaendelea kuchota.

Bibi mmoja, mfupi, kilemba kimelegea, akamsogelea.

"Nitwishe, mwanangu."

Meneja akatazama huku na huku. Kisha akaikamata ndoo kwa mikono miwili, akamtwisha, maji yakamchuruzika hadi viatuni. Bibi akashukuru na kujikongoja zake. Nyuma yake alikuwepo mwingine, ameshainamia ndoo yake, anamsubiri.