Barabara Iliyo Chini ya Kava

Ambrose Lugalia alikuwa mtu wa kuaminika kwa mambo yote isipokuwa moja. Ukimuuliza habari za macho yake, alikudanganya mchana kweupe. Wiki ile peke yake alikuwa amewaambia watu watatu kwamba amesahau miwani nyumbani. Miwani gani, jameni? Mtu hajawahi kumiliki miwani tangu azaliwe!

Ukweli aliujua yeye na daktari mmoja wa macho. Ni presha ya macho, daktari alimwambia, na imeshakula pembeni kote, kulia na kushoto. Katikati Ambrose alikuwa amebakiziwa kijitundu, na kupitia hapo bado aliweza kusoma kibao cha duka lililo ng'ambo ya barabara. Lakini kitu kikiwa pembeni, kwake hakikuwepo. Hakuona hata giza. Hakuona chochote, mpaka kitu chenyewe kimguse bega.

"Yaliyoenda hayatarudi," daktari alisema. "Dawa hii ya matone italinda yaliyobaki. Na mzee, usiendeshe gari tena."

Ambrose alishukuru, akachukua matone, akaondoka. Yale maneno ya mwisho aliyaacha palepale mlangoni.

Usimcheke upesi. Huyo aliyekatazwa kuendesha alikuwa amelisukuma lori la saruji miaka thelathini na mmoja, kutoka Athi River hadi magharibi, na kila kona aliijua kwa jina aliloipa mwenyewe. Alipostaafu alinunua gari dogo, Probox nyeupe, akawa anaiegesha uani kwenye ploti yao katika mtaa wa Kongo, Kawangware. Na Jumamosi moja, wiki tatu mbele, alikuwa amemwahidi mkewe, Phanice, na binti yao Kageha, kwamba atawapeleka nyumbani Chavakali. Kageha alikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Mama yake Ambrose, ajuza wa miaka tisini na kitu, alikuwa ametuma neno: nileteeni huyo mtoto nimshike kabla sijaenda zangu.

Sasa angewaambiaje? Wenzake wa malori walikuwa na msemo wao, kwamba ukimwona dereva amekaa kiti cha abiria, jua anapelekwa kuzikwa. Ambrose aliucheka msemo huo miaka yote. Sasa ulikuwa unamlalia kifuani.

Ndipo akapata wazo la kava. Gari likishafunikwa vizuri, aliwaza, hakuna jirani atakayekuja kusema, "Mzee, nirushe hapo steji ya Satelite mara moja." Kulivua na kulivisha tena ni kazi, na mtu mwenye haya hawezi kuomba. Atakuwa amepata siku chache za kufikiria. Mficha maradhi, wanasema, kilio humfichua, lakini Ambrose alidhani kwamba akitumia kitambaa cha kutosha kilio kitachelewa.

Akaenda Sarang'ombe, kule Kibera, kwa mama mmoja anayeitwa Awiti, ambaye alishona mahema ya makanisa na kava za magari katika kibanda cha mabati.

"Niaje, mzee. Gari gani?"

"Probox."

"Inalala ndani ama nje?"

"Nje. Jua ni lake, mvua ni yake, njiwa ni wake. Na kuna mama anachoma mahindi hapo ukutani, moshi wote unaingia kwetu."

Awiti alimtandikia vitambaa vitatu mezani. Cha kwanza kilikuwa turubai la kijani. "Hii mvua haipiti, lakini hata hewa haipiti. Gari inatoa jasho ndani, kutu inaanza chini ya milango, halafu unakuja kunitusi." Cha pili kilikuwa kizito, cha rangi ya fedha, chenye manyoya upande wa ndani. "Hii jua inaiogopa. Lakini ikinyeshewa, utaibeba na nani?" Cha tatu kilikuwa cheupe na chepesi. "Hii inapumua. Ebu weka mdomo upulize."

Ambrose aliweka mdomo, akaweka na kiganja upande wa pili, akapuliza. Pumzi yake ilifika kiganjani ikiwa vuguvugu.

"Umesikia? Unyevu unatoka hapo hapo. Mvua kubwa itapenya kidogo, sikudanganyi, lakini kesho yake jua likiwaka gari imekauka. Ingekuwa yangu, ningechukua hii."

Ambrose alikiinua kile kitambaa akajifunika uso wote, amesimama palepale mbele ya cherehani.

Awiti alicheka mpaka akashika meza. "Mzee wangu! Unafunika gari ama unatafuta shela?"

Ambrose hakumsikia vizuri. Mwanga wa saa sita ulikuwa umeingia kwenye kitambaa ukatulia, na mbele yake kulikuwa na weupe mtupu. Weupe ule ulienda kulia mpaka mwisho, ukaenda kushoto mpaka mwisho. Kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuona, hapakuwa na kitu cha kukosa. Kwa miezi mingi dunia yake ilikuwa imekatwa kingo, na sasa ilikuwa nzima tena. Akataka kulia mbele ya mama wa watu.

"Nipe hii," alisema akiwa bado ndani.

Awiti aliishona kwa siku mbili, akaitilia mifuko miwili ya masikio, yaani vile vioo vya pembeni, na kamba za kufunga chini ya tumbo la gari ili upepo usiipeperushe. Alipomkabidhi alimwonya. "Usifunike gari ikiwa na vumbi. Vumbi chini ya kitambaa ni msasa, itakukwaruza rangi yote. Usifunike ikitoka safari, ngoja injini ipoe. Na ikilowa usiikunje, ianike."

Ambrose alifuata yote. Kila siku baada ya chakula cha mchana aliliosha gari, akalifuta kwa fulana kuukuu, akalivisha kava kuanzia pua mpaka mkia. Kamba za upande wa dereva aliziacha zimelegea. Majirani wakishaenda kulala usingizi wa mchana, aliinama kana kwamba anaangalia gurudumu, akapenya chini ya kitambaa, akafungua mlango, akaingia. Ufunguo hakuutia hata siku moja. Alishika usukani tu, akangoja weupe uzoee uso wake. Halafu aliondoka, gari likiwa palepale uani.

Rironi ilikuja yenyewe, na baridi yake. Kisha barabara ikaanza kuteremka kuelekea Mai Mahiu, bonde likiwa limefunguka kushoto, na Ambrose aliliona lote, mpaka milima ya ng'ambo, mpaka vivuli vya mawingu vikitembea juu ya mashamba. Sauti za ploti ziliingia ndani ya safari bila kubisha. Maji yaliyokuwa yakijaa mtungini bombani yakawa mvua ya Kericho. Mama wa chapati alipomwaga mafuta kwenye kikaango, hiyo ilikuwa breki ya lori mbele yake pale Salgaa, naye akapunguza mwendo kwa adabu. Nakuru ilikuwa imeshapita na flamingo wake, waridi tupu, ingawa barabarani hata mtu mwenye macho mazima hawaoni flamingo. Majani ya chai yalimfuata yakipanda na kushuka, yakapanda tena mpaka juu ya mabati ya ploti, gari likapita chini yake kimya. Alipofika Ahero aliteremsha kioo anuse mpunga. Kisumu hakusimama. Alipanda Kiboswa, Majengo, Mbale, na alipokunja kuingia kwao Chavakali mama yake alikuwa amesimama kwenye migomba na mikono imenyooshwa tayari, kijana kuliko Ambrose mwenyewe.

Siku nyingine alirudi na kwenda mara mbili. Phanice akimwita, alitoka na kitambaa mkononi, ati alikuwa anapangusa dashibodi.

Na hapo ndipo ndoto ilipoanza kumdanganya, kwa sababu ndoto nayo ina ufundi wake. Ambrose alianza kusema moyoni: kama ninaweza humu, nitaweza kule. Barabara ni ileile. Katikati ninaona, na gari huenda mbele, haliendi pembeni. Kufikia Alhamisi ya wiki ya safari alikuwa ameamua kabisa. Angeamka alfajiri ya Jumamosi, awapakie wote, Phanice, Kageha na mtoto yule mchanga, awaendeshe mwenyewe mpaka mlangoni kwa mama yake. Baada ya hapo ndipo angesema. Alilala siku hiyo akitabasamu, haki ya Mungu.

Ijumaa mchana alikuwa amefika Kericho mlango wa abiria ulipofunguka.

Phanice aliingia akiwa amejikunja chini ya kava, kamba za upande ule ameshazifungua, harufu ya sabuni ya kufulia imemtangulia. Alifunga mlango, akaivuta kanga ikae vizuri, akafunga mkanda. Alifunga mkanda! Ambrose alikaa na mikono kwenye usukani, aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Tumefika wapi?" Phanice aliuliza.

Ilibidi ajibu. "Kericho," alisema kwa sauti ndogo.

"Kumbe uliniacha Nairobi, Baba Kageha. Siku zote hizi unaenda nyumbani peke yako, hata salamu hunipelekei kwa mama?"

"Nilikuwa najaribu tu."

"Haya, jaribu na mimi. Twende."

Ambrose alimwangalia. Ndani ya mwanga ule uso wake haukuwa na hasira. Basi akaondoka tena, kwanza kwa woga, halafu utamu wa njia ukamshika. Alimwonyesha majani ya chai. Phanice alisema anayaona, na kwamba wachumaji wa leo wamevaa makoti ya mvua ya manjano. Alimwambia sasa wanateremka, hewa itaanza kuwa nzito, na Phanice akajipepea kwa ncha ya kanga. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na hawakuwahi kusafiri hivi, bila mizigo, bila watoto kulia nyuma, bila haraka. Ambrose alifurahi mpaka akaanza kupiga mluzi.

"Mtoto!" Phanice alipiga kelele. "Baba Kageha, mtoto!"

Mguu wa Ambrose uliruka ukakanyaga breki mpaka chini. "Wapi?"

"Hapo!"

"Hapo wapi?"

"Kushoto. Anavuka. Amevaa sare ya kijani, hana viatu."

Ambrose aligeuza shingo yote kushoto, mpaka ikamuuma. Aliona bega la mkewe, aliona kioo, na nyuma ya kioo weupe.

"Simwoni," alisema.

"Najua," Phanice alisema.

Nje mtu alikuwa anapiga nguo kwenye beseni. Ambrose alisikia kila pigo. Wiki mbili, alifikiri. Wiki mbili nimeenda na kurudi, na sijakutana na mtu hata mmoja. Hapakuwa na mtoto wa shule wala bodaboda, wala mwanamke mwenye kuni kichwani, wala ng'ombe aliyekatika kamba. Barabara aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa na kona zote na milima yote, na watu wote walikuwa wameondolewa. Kesho wangekuwepo.

"Jumanne ulimpita Kageha pale langoni," Phanice alisema. "Amembeba mtoto. Ulimgonga bega kidogo amwangushe, ukasema pole bila kujua ni nani. Nikajiambia, ataniambia. Nikangoja. Nimengoja wee! Kesho nisingengoja, Ambrose. Ningelala mbele ya gurudumu, majirani waje watazame sinema."

"Yamekwisha pembeni," Ambrose alisema, na machozi yakaja, hakuyazuia. "Daktari amesema hayatarudi. Nilitaka mara hii moja tu. Sikutaka mama anione nikiteremka upande wa abiria."

"Kwani upande wa abiria una nini?"

"Wanasema dereva akikaa huko ni maiti."

"Mimi nimekaa huku maisha yangu yote," Phanice alisema, na sasa hasira ilikuwepo. "Niangalie vizuri. Nanuka ubani?"

Ambrose alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Alitia mkono mfukoni akatoa ufunguo, akautafuta mkono wa mkewe juu ya kanga, akauweka humo na kuvifunga vidole vyake juu yake. Kageha alikuwa na leseni. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha, na hakuwahi kumruhusu kupita Uthiru, hapo jirani tu.

"Mwambie Mai Mahiu asikimbize," alisema. "Ile kona ya pili inadanganya. Nitakuwa hapo kando, nitamwambia."

"Utamwambia wewe mwenyewe, jioni hii. Na hayo mengine yote."

"Nitamwambia."

Walikaa. Jua lilikuwa limezunguka kidogo, na weupe ndani ya gari ukawa na umanjano wa chai ya maziwa. Phanice hakufungua mkanda.

"Mama Kageha," Ambrose aliuliza baadaye. "Yule mtoto ameshavuka?"

Phanice aligeuka akatazama kushoto, akatazama kwa muda mrefu.

"Bado. Amesimama katikati ya barabara. Anatuangalia sisi."

"Mwache avuke," Ambrose alisema, na mguu wake haukutoka kwenye breki.