Kadi ya Emmett Rusk na Mguu wa Kaka Yangu

Kaka zangu wawili hawajasemezana vizuri tangu walipokuwa wavulana wa kaptura. Wanapeana matusi tu, na mengi yanapitia kwangu. Kaz atasema, "Mwambie yule panya." Leon atajibu, "Mwambie yule mwizi." Nami napeleka, nikiongeza chumvi kidogo pale tusi linapokuwa limepoa. Nimeshazika waume wawili na baa moja iliyoungua. Lazima nipate cha kunichekesha.

Ugomvi ni wa kadi, zile za wachezaji tulizokusanya utotoni. Kipande cha karatasi ngumu kinachoingia kiganjani, chenye picha ya Emmett Rusk katika mwaka wake wa kwanza, bado ana nywele. Rusk alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto wa timu yetu ya besiboli hapa Milwaukee, mpaka bega lilipomkatalia. Mtaani kwetu picha yake hutundikwa pembeni ya picha ya Papa wa Roma, na nafasi ikiwa finyu, anayehamishwa ni Papa.

Leon ndiye aliyeipata kadi hiyo, ndani ya pakiti ya chingamu. Hakukaa nayo hata wiki. Kaz, aliye mkubwa, alimla kwenye mchezo wa ukutani tuliocheza watoto wote. Unasimama nyuma ya mstari, unarusha kadi yako kuelekea ukutani, mwenzio anarusha yake. Iliyo karibu zaidi na ukuta inachukua zote mbili, na ikisimama kwa kuegemea ukuta, hapo mwenzio akalie nyumbani. Leon alilia kwamba mguu wa Kaz ulivuka mstari. Kaz aliapa haukuvuka. Walibishana juu ya mguu huo hadi kwenye mazishi ya mama, jeneza likiwa bado juu.

Ijumaa moja ya Kwaresima parokia ikamwalika Rusk mwenyewe aje kula samaki nasi na kutia saini kadi za watu. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakala kabichi wamesimama.

Kaz akaja na kadi yake imefungwa ndani ya kasha la plastiki, akaishika kwa mikono miwili kama padri na ekaristi. Rusk, mzee mrefu mwenye bega moja lililoshuka, akafungua kalamu.

"Hapana, mzee wangu," Kaz akasema. "Hii ya kutazama tu. Wino utaiharibu."

"Ataiharibuje mtu sura yake mwenyewe?" Leon akadakia kutoka kwenye foleni. "Halafu hiyo ni kadi yangu."

"Nani kamkaribisha huyu?"

"Samaki. Mwizi mkubwa wewe."

"Nilikushinda!"

"Ulinishinda kwa mguu, jizi la mguu wewe!"

Nikatoka jikoni na mwiko wangu. Sikwenda kuamua ugomvi, ila kule jikoni nilikuwa sisikii vizuri.

Rusk aliwasikiliza wote wawili huku akitafuna. Akafuta midomo. "Watu wamegombana juu ya mkono wangu, juu ya bega langu, hata juu ya mke wangu," akasema. "Juu ya mguu wa mtu mwingine, leo ndiyo mara ya kwanza. Rudieni mchezo. Nitautazama huo mguu."

Ukumbi ukapiga makofi. Kaz akabadilika rangi. Angekataa mbele ya Rusk, ingekuwa sawa na kukiri. Naye hajawahi kukiri kitu maishani mwake, hata mafua.

Wakaenda kwenye korido, penye mstari wa marumaru nyeusi sakafuni. Kaz akajiandaa kurusha kasha zima.

"Mimi sikuwahi kurusha mpira ukiwa ndani ya boksi," Rusk akamwambia.

Kaz akafungua kasha. Tangu ailipie plastiki ile, hewa ya Milwaukee haikuwahi kuigusa kadi hiyo.

Leon akatangulia. Alirusha kadi ya mwaka wa mwisho wa Rusk, ile ambayo kitambi kimeshavaa jezi. Ikateleza, ikatulia shibiri moja kutoka ukutani. Kurusha kuzuri.

"Rusha, bibi harusi," Leon akasema. "Au tukuitie padri?"

Kaz akainama, akavuta pumzi, akarusha. Kadi ikaruka bapa, ikagonga ukuta chini kabisa, ikarudi kidogo, ikasimama. Imeegemea. Watu wakapiga kelele hadi bia zikamwagika, na Kaz akainua ngumi zote mbili.

"Umeona, panya? Umeona?"

"Mguu," Rusk akasema.

Sote tukatazama chini. Kiatu cha kushoto cha Kaz kilikuwa chote, kisigino na vidole, upande wa pili wa mstari.

Kaz naye akatazama. Namjua kaka yangu. Uso wake wa kudanganya naujua kama ninavyojua sufuria zangu. Huu haukuwa ule. Alikitazama kiatu kama kimeletwa na mtu mwingine. Ndivyo alivyorusha siku zote, akisogea mbele bila kujijua, na miaka yote hiyo alikuwa akiapia kitu ambacho hakuwahi kuinama kukitazama.

"Niliteleza," akasema.

"Toka huko," Leon akasema. Akaiokota kadi, akaenda kuilaza mbele ya Rusk, kando ya sahani ya samaki. "Tia saini. Katikati ya uso."

"Leon. Usifanye hivyo. Nakuomba."

Neno hilo sikuwahi kulisikia likitoka kwa Kaz kwenda kwa Leon. Leon naye alilisikia. Kisha akasema, "Katikati kabisa, mzee, na kalamu nene."

Rusk akatia saini. Kaz akatoka bila koti, na theluji ilikuwa bado haijaisha nje.

Mngedhani yameisha. Sasa kila Jumamosi asubuhi Leon, pamoja na magoti yake mabovu, anapanda baiskeli na kupita polepole mbele ya baraza ya nyumba ya Kaz. Kwenye gurudumu amebana kadi kwa kibanio cha nguo, kama tulivyofanya utotoni na kadi zisizo na maana, igongwe na spoki: trrrrrr. Kaz anasimama na kikombe cha kahawa, akijaribu kuona ni kadi gani. Gurudumu halimpi nafasi.

"Dada Halina," alinipigia simu juzi. "Mwambie yule mnyama. Ndiyo ile? Wewe si umeiona? Ndiyo ile?"

Ile yenye saini iko kwangu. Leon aliniachia niitunze, nami nimeitundika jikoni, juu kidogo ya Papa, mbali na mafuta.

"Sijui, kaka," nikamwambia. "Nitamuuliza."